Presha

Kioo kinasema saa mia nne na kumi na mbili,
daftari langu lilisema mia nne.
Nikiiomba mashine radhi Sironka atacheka,
basi natafuta tu spana namba kumi na saba.

Mau Narok imeamka, ukungu magotini mwa ng'ombe.
Pikipiki hii ya miguu minne ushirika uliinunua
mwaka ule lori la maziwa lilipolala mtaroni siku tatu,
maziwa yakawa mala,
mala ikawa kesi.
Bado imevaa tope la Sururu la jana.

"Osha kwanza. Tope huficha ufa."
Anaosha, na bomba analielekeza kwenye chujio la hewa.
Namfokea mpaka kuku wa jirani wananyamaza.
Kisha namwonyesha: sifongo hutolewa,
hufuliwa kwa sabuni kama kofia ya mtoto mchanga,
haisokotwi,
huanikwa, hupakwa oili kidogo.
Vumbi la Januari halibishi hodi kwenye silinda.

Oili kuukuu inatoka nyeusi, vuguvugu.
Naifikicha kati ya vidole, natafuta chenga za chuma.
Hamna.
Pedi ya breki ya kulia, hata hivyo, imebaki ukucha:
Rotich huushuka mlima akipiga mluzi
na breki huikumbuka akiona daraja.
Nabadilisha. Nitamkata maneno, si mshahara.

Cheni inacheza vidole viwili, nataka kimoja na nusu.
Grisi naisukuma kwenye chuchu zake tano,
kazi ya kukamua, ila kinyumenyume.

"Matairi sasa. Pauni tano, usizidishe,
tairi nono hurukaruka, halishiki mlima."
Sironka anainama na kipimo.
"Mbele tano. Nyuma nne na nusu."
Naandika.
"Na yako, fundi?"

Najifanya natafuta plagi.
Kwenye sanduku, chini ya plagi,
ipo kadi ya zahanati yenye alama ya kidole changu kwa grisi:
*rudi baada ya mwezi mmoja*, Machi.
Vidonge viliisha tukivuna shayiri,
na shayiri, unajua, haingoji mtu.

Namwambia ashike kazi yake.
Anashika kalamu.
Chini ya *nyuma, 4½*, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto,
anaandika: *Gakuo, haijapimwa. Amepitisha saa.*
Ngapi, hakuandika. Hesabu ilimshinda, au alinihurumia.

Injini inashika kwa mpigo wa pili.
Mashine iliyofunguliwa haikabidhiwi bila kujaribiwa,
hiyo ni sheria yangu mwenyewe,
kwa hiyo napanda nyuma, kijana mbele,
namwambia, "Breki ijaribie popote upendapo."

Tunapita ghala. Tunapita posho mill ya kina Wanjohi.
Pedi mpya zinauma sawasawa, bila kelele,
tunasimama wima
mbele ya lango la kijani la zahanati,
naye anazima injini,
ufunguo anautia mfukoni.