Jina la Tatu

Siku sita, na mtoto bado anaitwa "huyu".
Huyu kalala? Huyu kanyonya?
Kesho akika. Mbuzi kafungwa uani,
keshatafuna ncha ya kanga yangu,
na yeye jina analo: wifi kamwita Bosi.
Mwanangu hana.

Tatizo ni mume.
Si tabia yake, tabia yake naiweza.
Tatizo mume anaitwa Haji,
na huku kwetu Wete jina la mtoto halitembei peke yake,
linashikana mkono na la baba
hospitali, chuoni, skuli, mpaka cheti cha ndoa.

Nimeandika kwenye daftari, nikasoma kwa sauti.
Bahati Haji.
Nikafuta.
Salama Haji. Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka.
Neema Haji. Raha Haji. Nuru Haji,
na umeme ukakatika papo hapo, wallahi,
nikaweka kalamu chini.

Mama mkwe anataka Mgeni, jina la mamake:
"Mwanamke wa watu yule, mlango wake haukuwa na komeo."
Nikamwona mwanangu darasani, mwalimu anaita,
"Mgeni Haji!"
na kitoto kitundu cha dawati la nyuma kinajibu,
"Basi pilau tule wenyewe."

Haji anacheka. Anasomesha Kiswahili.
"Bahati haiji," anasema, "si haji.
Ngeli yenyewe inakutoa hofu."
Ngeli! Watoto wa Limbani wataulizana ngeli?
Mimi nimesoma na Mkubwa Kidogo.
Nimesoma na Tatu Mosi, kila somo la hesabu
tulimtaka ajijumlishe.
Alikuwapo Juma Khamis Machano,
wiki inayokwenda kinyumenyume;
akichelewa tunasema bado yuko juzi.
Na mimi, Bishara Shaibu, nilizeeshwa darasa la pili:
"Shaibu, mkongojo wako uko wapi?"
Hakuna aliyetuuliza ngeli.

Bi Mkasi wa jirani akaja na lake.
"Mpeni baya. Mwiteni Tabu.
Tabu Haji! Hamwoni? Haji!"
Tukacheka hata kitanda kikalia,
na kidogo tu nikubali.
Kisha nikamtazama usoni huyu,
ngozi bado imekunjana kama karatasi iliyofungiwa halua.
Kinga ni kinga, lakini mdomo ulikataa.

Saa tisa usiku kaamka.
Namnyonyesha gizani, namtajia majina kwa kunong'ona,
na kwa usingizi nikasahau kusimama kwa baba,
nikapitiliza mpaka kwa babu.
Riziki Haji Kombo.

Nikarudia, polepole,
kama mtu anayepapasa swichi ukutani.
Riziki.
Haji kombo.

Babu mtu alikuwa seremala.
Walimcheka ujana wake wote:
fundi anaitwa Kombo, milango yake itasimama?
Naye anafumba jicho moja, anatazama urefu wa ubao,
hajibu.
Milango yake ipo hadi leo huko Bopwe,
waisukuma kwa kidole.
Amekufa mfungo tano uliopita. Huyu hakumkuta.

Nikamtikisa mwalimu. "Lisikie hili."
"Haiji," akasahihisha, macho yamefumba. "Riziki haiji kombo."
Halafu akanyamaza.
Akatoka kitandani, akenda kusimama ukumbini
pale inapotundikwa randa ya babake,
akakaa huko muda.
Sikumfuata.

Najua. Skuli wataita majina mawili.
Kile kitoto kitundu pengine keshazaliwa,
yuko nyumba ya tatu ananyonya, anajinoa.
Nitamfundisha binti yangu angoje kicheko kiishe,
hata kikirefuka,
kisha ataje na la tatu.

Kunapambazuka. Mbuzi analia uani.
Bosi, tuwie radhi.