Alama ya Kosa

Walinipa kopo la rangi nyekundu, brashi ya inchi tatu,
na karatasi yenye nyumba arobaini na moja.
Kila alama elfu mbili, taslimu, jioni hiyohiyo.
Nami Kashindi, mwandika vibao wa Mwanga,
niliyeishi kwa kuchora vichwa vya kinyozi na kuku wa kukaanga,
sikuuliza. Mwezi ule hata kinyozi hakuwa na hela ya kibao.

Wageni wanakuja, alisema mtendaji.
Timu nzima, na kocha wao, na mpishi wao, na maji yao ya chupa,
siku kumi watafanyia mazoezi kwetu Kigoma,
dunia itatuona.
Alisema "dunia" akitazama juu, kama inayotua na ndege.

Nyumba ya kwanza mkono ulitetemeka.
Ya tano nikazoea.
Ya kumi nikaanza kuzipendezesha, ncha zikae sawasawa.
Mungu anisamehe, kazi ni kazi.

Ya kumi na saba: Mama Ntahondi yuko uani
anachemsha mawese, mikono ya chungwa hadi viwikoni.
"Mwidiwe," akanisalimu, akipiga kofi taratibu.
Akatazama ukuta wake ukinywa rangi.
"Kwenye kura walitufundisha alama ya vema.
Hii ya kukatiza, mjukuu wangu huletewa kwenye daftari
akikosea hesabu.
Sasa niambie, mwanangu,
mimi nilikosea swali gani?"

Nikachovya brashi. Nikaandika namba.
Saba ikapinda. Sijawahi kuandika saba mbaya kama ile.

Mkutanoni Sadoki fundi baiskeli alinyoosha mkono:
fidia lini, na kwa hesabu ya nani?
Usiku gari likaja, taa zimezimwa.
Alirudi siku ya tisa.
Hufunga mnyororo, hujaza upepo, hapokei salamu ndefu.

Nyabenda, aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni,
akaambiwa asionekane na beseni lake la maandazi
mpaka wageni waondoke.
"Nimewahi kufichwa," alisema,
"ila walionificha walinipenda."

Tingatinga lilikuja Jumatatu, saa mbili kasoro.
Kabla ya adhana ya adhuhuri tulikuwa na uwanda.
Nikaitwa tena, safari hii kopo jeupe:
chora mstari wa kati, chora duara, chora boksi.

Na sitadanganya.
Walipocheza ya kirafiki na vijana wetu nilikuwa juu ya ukuta,
nikashangilia goli kama punguani,
nikamkumbatia askari nisiyemjua.
Mpira ni mtamu. Hapo ndipo ulipo uchungu wake.
Dakika ya sabini mshika kibendera akainua mkono:
mmoja wetu kaotea.
Nikawakumbuka wale wa karatasi yangu,
waliosimama palepale walipozaliwa,
mstari ndio uliosogea.

Wageni wameondoka. Walikuwa watu wema, walitupungia.
Mama Ntahondi yuko kwa dada yake Kasulu,
au Manyovu, habari hazilingani.
Fidia iko kwenye mchakato.
Mimi nina kibarua: kupaka mistari upya kila baada ya mvua.

Yote hushika, isipokuwa boksi la upande wa ziwa,
hatua chache kutoka alama ya penalti,
palipokuwa na mafiga matatu na sufuria.
Miaka ya mawese imelowea pale.
Fundi yeyote atakwambia, rangi haishiki penye mafuta.
Napaka nyeupe jioni, koti mbili, tatu.
Asubuhi nakuta chungwa,
inanitazama.