Daftari la Ghorofa ya Kumi na Moja

Walipoomba kompyuta mia tisa mpya
Garazi hakukataa.
Aliomba wiki tatu, na funguo zote.

Mkuu wa manunuzi akacheka: funguo za nini,
na muuzaji keshaleta ankara,
na punguzo linakwisha Ijumaa?
"Liishe. Nitajie kwanza tulizo nazo."
Chumba kizima kikaitazama meza.

Kampuni ya bima, watu elfu sita,
inayojua umri wa kila paa la Bilbao,
inayojua dereva gani ana miguu mizito,
bomba la nani litapasuka kabla ya Pasaka,
haikujua ina kompyuta ngapi.

Nikapewa skana, koti la mvua, orodha ya matawi.
Nje manyunyu yetu yale,
hayanyeshi, hayakomi.

Barakaldo, nyuma ya mabango ya kampeni iliyosahauliwa,
katoni mia nne na kumi na mbili.
Plastiki bado imeng'ang'ania skrini.
Dhamana zilikufa zingali usingizini.

Durango, droo ya simu:
kila simu ina laini,
kila laini inalipiwa,
hakuna anayeita, hakuna anayeitika.

Na chini ya tawi la Getxo, seva moja
inavuma peke yake gizani tangu mwaka wa kuhama,
haihudumii mtu
ila Txomin, mlinzi, anayeanika soksi juu yake.
"Mniachie," alisema, "ndiyo jiko langu."
Nilipiga hesabu kwenye treni ya kurudi:
umeme wa jiko lile kwa mwaka
ni mishahara yangu mitatu.

Mali bila daftari —
malizia mwenyewe.

Tukaanza kuandika.
Kila kitu namba yake, siku kilipoingia,
mkono unaokishika,
siku kitakapostahili kupumzika.
Vidole vilinata gundi ya vibandiko
hadi mkate wa asubuhi ukanuka ghala.

Leseni zilikuwa mbaya zaidi.
Leseni haina vumbi, haikukwazi mguu,
hujihuisha yenyewe usiku wa manane
na asubuhi benki imepungua.
Tulikuta elfu moja mia mbili na kumi zisizo na mtu:
wastaafu, waliohamia kwa washindani,
mwanagenzi aliyekaa siku nne akakimbia,
na Joseba Urkiaga.

Joseba alikaa kushoto kwangu.
Moyo, ngazi za stesheni, baridi ya mwaka juzi.
Tulichanga yuro kumi kumi za maua,
tukasema hatutamsahau, tukamsahau.
Lakini programu yake ya kuchorea ramani za mafuriko,
yuro mia tatu na themanini kwa mwezi,
kampuni iliendelea kumlipia,
ikatushinda wote kwa uaminifu.

Mkono uliganda juu ya kipanya.
Garazi alisimama nyuma yangu, hakunihimiza.
"Ramani zake nimezinakili. Bado tunazitumia."
Kisha, taratibu:
"Huyo si yeye. Hiyo ni ankara."

Nikabofya.

Ijumaa alipeleka mkutanoni karatasi moja.
Kompyuta za kununua: sitini na mbili.
Nyingine tunazo, zifutwe vumbi tu.
Chini kabisa, kilichobaki mfukoni:
yuro milioni moja na laki nne.
Mkuu wa manunuzi alisoma, akafuta miwani, akasoma tena.
Simu ya muuzaji ikalia mezani, ikachoka.

Nilidhani yameisha.
Jumatatu Txomin akatuma malalamiko, kurasa mbili,
kuhusu baridi ya Getxo na soksi mbichi.
Garazi akatoka na mwavuli,
akarudi na kipasha joto kidogo, yuro arobaini na tatu,
akakiweka juu ya meza yangu.

"Bado hatukipeleki," akasema,
akininyooshea kibandiko.
"Kiandike kwanza."