Nukta Nyekundu

Jana radi ilipiga Luanda mara tatu,
ya tatu ikashukia transfoma ya sokoni,
na leo kabla sijafungua kufuli
foleni ya walionyamaziwa:
televisheni mbili, birika la stima, redio ya kanisa,
na Dorika Nambande na friji yake kwenye mkokoteni,
imefungwa kwa kamba ya katani kama ng'ombe wa mahari.
"Inakoroma kidogo," alisema, "halafu inasahau."

Nawajua wagonjwa wa radi.
Fyuzi huwa nyeusi kama jino la mvutaji,
kapasita hufura utosi,
harufu ni ya kwato iliyoungua.
Bodi hii ilikuwa safi.
Niliipiga mswaki mkuukuu na spiriti,
nikamtoa mjusi kafiri, mkavu kama ganda la njugu,
aliyekufa zamani kwa sababu zake mwenyewe,
nikainamisha taa.

Pale pembeni, karibu na relei,
nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

Mafundi wengine huandika tarehe.
Zablon Eshikumo aliiba rangi ya mkewe
akatia nukta moja, moja tu, kila bodi iliyopita mkononi mwake.
Miaka minne nilimshikia tochi.
Angalia, usiguse.
Kisha: gusa, usibonyeze.
Kisha siku moja akaniachia kichomea
akaenda zake kunywa chai.
Sasa amelala Emuhaya, nyuma ya nyumba, migomba inamkulia kando.

Nilitafuta kosa mbali na nukta.
Iite heshima. Iite uoga.
Mita ililia hapa, ikalia pale, ikalia,
mpaka nilipofika mguu wa pili wa relei
ikanyamaza.

Tone la lehemu, la kijivu, la mviringo,
na ufa wa unywele umelizunguka.
Lilikaa juu ya shaba kama mgeni ukingoni mwa kiti
ambaye hajaambiwa karibu.

Zablon hakulehemu hivyo hata siku moja.
Matone yake yalitambaa, yakameremeta,
yakaushika mguu kama mtoto aliyeshika leso ya mama.
Mwenye tone hili nilimtambua
kama mtu anavyotambua kikohozi chake mwenyewe gizani.
Miaka kumi na saba alikuwa nayo, na haraka.

Nakumbuka aliporudi.
Aliinua bodi dirishani, akaitazama kitambo,
akafuta chai kwenye masharubu,
akafungua kichupa.
Jicho lile lililoona nyufa hata kwa mwanga wa koroboi,
niambie, siku hiyo lilikuwa likiangalia nini?

Nikalinyonya tone. Nikaikwangua shaba mpaka ikaona haya.
Pasha mguu, pasha shaba,
lehemu itakuja yenyewe;
halafu ngoja, usipulize, usiguse, ngoja.
Kungoja ndiko nilikokuwa sijafunzwa
au nilifunzwa nikawa natazama barabarani.

Friji ilikoroma, ikakumbuka.
"Pesa ngapi?"
"Hakuna, mama."
Dorika alinipima kutoka kichwani hadi kandambili.
Akaizunguka friji. Akafungua mlango, akahesabu rafu,
akabisha ubavuni kama anayenunua tikiti maji.
"Fundi asiyedai ametoa kitu ndani."
Ningemweleza nini? Kwamba miaka kumi na moja
maziwa yake yamepoa kwa dhamana ya marehemu?
Nikachukua mia mbili, ili apate usingizi.

Rangi ninayo, mjane alinipa, imebaki ute kidogo chini.
Sikuongeza nukta.
Ile ya zamani nimeiacha ilipo,
imechelewa tu kuwa kweli.

Katekista akasogeza redio mezani.
"Hii nayo inasahau," akasema,
"lakini ni nyimbo tu.
Matangazo ya vifo inayakumbuka yote."