Kapu la Wageni

Mabegi yalitangulia, wao wakafuata,
Waaustralia kumi na sita, pua zimepakwa nyeupe,
wamekuja kutunyang'anya kiangazi chetu.
Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe:
hawa wamekuja na magongo yao wenyewe,
na nguo chafu wakaniletea mimi, Avis Hallam,
chumba cha chini, nyuma ya jiko la hoteli,
ambako unyevu wa Mto Trent hupanda ukutani.

Wilf, mume wangu, hufuata mchezo redioni,
sikio limegandana na kisanduku, chai imepoa.
Mimi sihitaji redio.
Jioni namwaga kapu mezani
na mchana mzima unanisimulia.
Wekundu wa mpira kwenye paja la kulia:
huyu amerusha toka asubuhi bila bahati,
akiusugua mpira kama anayebembeleza mtoto asiyelala.
Kola iliyoliwa na jasho: nahodha.
Magoti mawili ya vumbi ni ya yule mdakaji
anayechuchumaa nyuma ya vijiti kutwa nzima,
Mungu amsaidie akizeeka.
Na kuna mmoja husahau peremende mfukoni.
Huyo amenigharimu nusu saa na maneno mabaya.

Halafu yupo wa kumi na mbili.
T. Brannock: mtu amemdarizia jina kiunoni kwa uzi wa buluu.
Alhamisi, safi.
Ijumaa, safi.
Jumamosi, tone moja la chai,
maana ndiye anayewapelekea wenzake vinywaji.
Amevuka dunia nzima kuja kubeba trei.
Hata hivyo kila jioni huikunja suruali yake isiyo na doa
akaitia kapuni na za wanaume waliocheza,
nami naifua.
Maji hayaulizi.

Jumapili, siku ya mapumziko, akashuka kuomba pasi.
Miaka ishirini hivi, masikio yamebabuka
kwa jua letu, ambalo sisi wenyewe hatuliamini.
Akasema kwao ni kondoo na vumbi,
na mama yake huamka usiku wa manane
kusikiliza, labda jina litatajwa.
Nikamwambia pasi iko pale, asiunguze kitambaa.
Ndiyo yote niliyomwambia.

Jumanne, saa kumi na moja jioni,
mji ulinyamaza kama uliofiwa.
Mpishi alikaa kwenye gunia la viazi, kofia mkononi.
Kapu lilipofika nikapekua, na ilikuwa ya tatu kutoka juu:
kijani kutoka goti hadi nyonga,
mburuzo mmoja mrefu, udongo bado mbichi ndani yake.
Kwa hiyo ni wewe, nikasema.

Wilf alinieleza baadaye, mimi nikijua tayari:
mikimbio minne tu ilibaki, mtu wetu wa mwisho
akaupiga juu, mbali, uwanja mzima ukasimama,
na mtoto wa akiba, aliyeingia dakika kumi tu
kwa sababu ya kifundo cha mguu cha mtu mwingine,
akakimbia akijitupa mbele kama aliyesukumwa,
na mpira ukakubali kukaa mkononi mwake.

Nilitia chumvi. Nikatia siki.
Nikaifua mara tatu kwa maji ya kuchoma vidole,
nikijiambia ni kazi.
Haikuwa kazi.
Nyasi za kwetu hazikutoka zote;
kilibaki kivuli cha kijani
kama mshipa chini ya ngozi.
Nikasimama nayo dirishani muda mrefu kuliko inavyostahili suruali,
kisha nikaikunja, goti juu.

Basi lao liliondoka saa mbili asubuhi kwenda London.
Hakushuka kuaga, na kwa nini ashuke?

Usiku Wilf akaniuliza, bila kunitazama,
kama niliwafulia tena wale.
Nikasema niliwafulia,
na doa moja limekataa kutoka.
Vizuri, akasema.
Alidhani nimemlipizia kisasi.