Advansi ya Mlango

Fundi Mihambo,
leo ni siku ya arobaini na tatu
tangu nikupe laki moja na ishirini mkononi,
ukalamba kidole, ukazihesabu mara mbili,
ukasema, "Mama Nyanzala, Jumamosi."
Hukutaja ya mwezi gani.

Fremu uliisimika, sikatai.
Imesimama wima kama mtu aliyesahau alichofuata.
Mlango wenyewe umeegemea ukuta wa jirani,
mvua za kwanza zimeupaka rangi nisiyoiagiza,
na mimi nalala nyuma ya turubai la tumbaku,
nikimjua kwa viatu vyake kila apitaye Isevya usiku.
Ahadi ni deni, walisema.
Hawakusema kwamba deni la fundi huzaa riba ya mbu.

Nilikufuata karakana. Kufuli.
Kwa Kapela wa mageti, kufuli.
Kwa fundi bomba wa Cheyo mkewe akacheka:
"Letu lenyewe linavuja, mama, tumelikingia ndoo."
Msikitini kipaza sauti kimekufa,
muadhini anatumia koo alilopewa na Mungu.
Hata Sizya wa majeneza, nisamehewe,
anapigilia makreti ya mitambo kule kule,
na wagonjwa wa mji huu wanaombwa wavumilie.

Wanasema ni ghala la data.
Nikauliza, data hulimwa wapi,
hukaushwa kwa kuni gani?
Kijana wa duka la simu akanieleza taratibu:
picha zako, miamala yako,
salamu unazomtumia mwanao Mpanda,
vyote vinahitaji pa kulala.
Nikanyamaza.
Salamu zangu zina mlango. Mimi sina.

Juzi nikapanda bodaboda hadi kwenye uzio,
maneno nimeyapanga kinywani kama misumari.
Mlinzi akaniuliza, "Unamtafuta nani?"
"Ninayemdai."
"Wote humu wanadaiwa, mama. Ndiyo maana wamekuja."

Nikalitazama jumba.
Refu, jeupe, halina dirisha hata moja.
Wewe uliyezitia nondo nyumba zote za Isevya,
na lile jua lako la miale minane katikati,
ambalo hata wezi walilisifia,
unaunga mabomba ya ubaridi
kwenye nyumba isiyotaka kuliona jua.

Halafu nikakuona.
Kofia ngumu, glavu mikono yote miwili,
na barakoa ya kweli usoni,
si ile miwani ya mnadani
iliyokuwa ikikulaza na vipande vya viazi machoni,
ukilia machozi yasiyo na msiba.
Mlinzi akaniambia walivyokupima:
walikupa vipande viwili vya bomba uviunge,
wakaukata muungano wako katikati,
wakautafuta tundu kwa kioo cha kukuzia.
Hawakuliona.
Miaka ishirini na sita bila cheti,
na chuma kikakutolea ushahidi.

Misumari yangu nikaimeza.
Sikukuita.

Jana magharibi akaja Kabula wako,
mashine ya kuazima kwenye toroli,
kitambaa kichwani, penseli sikioni.
"Baba kasema hajasahau."
Akachomelea bawaba tatu huku watoto wa mtaa
wakifukuzwa wasitazame mwanga, wakatazama.
Ya chini imekaa upande kidogo.
Mlango unakwaruza sakafu, unaandika nusu duara.
Akataka kuukata aanze upya,
mikono inamtetemeka,
kwa kuwa Jumatatu naye anaitwa kwenye kile kipimo cha bomba.

Nikamwambia, uache.
Ukikwaruza nitajua mtu kaingia.

Salio, elfu themanini, nimempa yeye.
Usimdai.