Magari Mawili ya Kijivu, Barka

Yamesimama sambamba nyuma ya ofisi ya mabati,
kijivu na kijivu, kama pacha waliovalishwa na mama mmoja.
Viti vya ngozi vilevile, pazia la nyuma lilelile,
lile la kumkinga mkubwa asiungue shingo.
Tofauti iko chini ya boneti, anasema Dad Karim,
na anaifungua ya kwanza kama mtu anayefunua sufuria:
silinda nne.
Kisha ya pili: silinda sita, zimejipanga safu moja
kama maamuma.
Zote za dizeli, zimetoka Ulaya kupitia Jebel Ali;
na huku kwetu, anacheka, dizeli ni ya malori na matangi ya maji,
ndiyo maana bei imelala.

Mimi nina kiinua mgongo cha miaka thelathini na moja ya kukagua shule,
goti moja bovu,
na dada yangu Nizwa anayesafishwa damu kila Jumapili na Jumatano.
Muhenna, mwanangu, mhasibu, amepiga hesabu mpaka za tairi:
"Mama, nne. Sita hula hata ikiwa imelala."
Kaka yangu Nassor, wa Sharjah, hanipi shauri ila kwa vina.
Jana usiku simu ililia, sauti yake imejaa tumbaku:

    Dada usijidunishe, ya nne ni ya teksi,
    Sita ndiyo ikuvushe, mlima uwe mwepesi,
    Pesa usizizungushe, maisha yana upesi,
    Nunua, kisha uwashe, wasiwasi uwe basi.

Nikacheka peke yangu jikoni hadi maji ya chai yakakauka.

Basi nimeyaendesha yote mawili, mlima wa Amerat,
Dad Karim kiti cha pembeni, tasbihi mkononi,
mguu wake ukikanyaga breki isiyokuwepo.

Ile sita! Haikupanda mlima; mlima ndio ulioinama.
Ungeweka kikombe cha kahawa juu ya dashibodi, kisimwagike.
Nne ilipanda kama ninavyopanda ngazi mimi:
kwa kunung'unika, kubadili gia, kuvuta pumzi,
na kufika.

Nilikuwa nimeshaamua sita. Nakiri.
Mkono ulikuwa umeshaingia mkobani.

Ila pale Bausher, kwenye taa nyekundu,
sikio langu la kushoto halina kazi tangu mwaka juzi,
na la kulia husikia linalotaka,
nikaweka kiganja kwenye usukani: kimya.
Kwenye gia: kimya.
"Imezimika?"
"Inawaka, mama," akasema kwa fahari. "Ndiyo raha yake.
Huwezi kujua."

Huwezi kujua.
Baba alikuwa fundi wa jenereta Ruwi, enzi za lami ya kwanza.
Alinifundisha kugusa bodi kwa ncha za vidole, kama mkunga:
kizima hutikisika, mwanangu, usiulize masikio.
Na Hemed, alfajiri ile ya Shaabani,
nililala ubavuni pake saa nzima, labda mbili,
nikimshukuru Mungu kwamba leo hakoromi.

Taa ikawa kijani. Nyuma wakapiga honi.

Nimelipa nne.
Kwa Nassor nitasingizia bei. Kwa Muhenna nitasema
umeshinda, baba, na kichwa chake kivimbe kwa wiki.
Dad Karim kapunguza riali mia na hamsini,
kaongeza mazulia ya mpira na dua ya safari.

Sasa niko kituo cha mafuta, foleni ya dizeli,
mbele yangu tangi la maji, nyuma yangu lori la mbuzi.
Kijana wa pampu ananikimbilia, mikono juu:
"Mama, hapa dizeli! Petroli kule!"
"Tia," namwambia.
Anaangalia viti vya ngozi. Anamwita mwenzake aje ashuhudie.
Usukani unatetemeka chini ya kiganja changu,
kidogo, kama paka aliyeshiba.
"Basi zima injini kwanza, mama."
"Ngoja," namwambia.
"Ngoja kidogo tu."